Kikombe cha Pili

Kabla ya kumpa mkamwana wake kikombe cha pili, Scolastika aligeuka kutazama kama wifi yake anaona. Lusia alikuwa amesimama mwisho wa baraza la kituo cha afya, amewapa mgongo, akikwangua kwa kijiti matope mekundu ya barabara ya Mwakitolyo yaliyogandamana kwenye ndala zake. Scolastika akaifungua chupa ya chai upesi, akamimina uji uliokuwa na rangi nzito kuliko uji wa kawaida, akaupeleka mdomoni mwa Vumilia.

"Kunywa, mayu, mama yangu. Upate nguvu."

Vumilia alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, akingoja uchungu umpite. Ulipopita alijifuta jasho kwa ncha ya khanga, akakipokea kikombe, akachungulia ndani, kisha akamtazama mama mkwe wake kwa jicho la utani ambalo maumivu ya tangu alfajiri hayakuweza kulizima.

"Mama, leo hujaonja?"

Nyumbani kwao mtu hakumkabidhi mwenzake kinywaji kabla ya kukionja yeye mwenyewe. Aliyeleta togwa alionja, aliyeleta pombe alionja, hata aliyemletea mgeni maji ya kunywa alipiga funda moja mbele ya macho yake. Kuonja kulikuwa ni kusema: kilichomo humu nakijua, na kama kina ubaya, uanze na mimi.

"Uji wa mzazi hauonjwi," alijibu Scolastika, naye akashangaa jinsi uongo ulivyomtoka mdomoni ukiwa umekwisha kuvaa nguo.

Vumilia alicheka kidogo, akanywa wote.

Scolastika hakuwa mtu mbaya, na mizizi aliyoichemsha hakuipata kwa mtu mbaya. Alipewa na bibi mmoja wa jirani, mzalishaji wa zamani, ambaye aliapa kwamba dawa ile imewafungulia njia wanawake wa vijiji vitatu. Kikombe cha kwanza alimpa Vumilia nyumbani, kabla hawajapanda bajaji. Na kweli uchungu ulishika vizuri. Walipofika kituoni nesi alimpima, akasema njia imefunguka nusu na zaidi kidogo. Lakini kufikia adhuhuri uchungu ulianza kulegea, kama ng'ombe wa jembe anayesimama katikati ya tuta. Uchungu ulipolegea, Lusia alianza kusema.

"Wifi," alisema sasa, akirudi kukaa kwenye benchi, "hebu niambie. Mtoto wetu Donatus, mume wa huyu, yuko machimboni Geita mwaka wa pili huu. Amekuja mara ngapi?"

"Alikuja wakati wa kuvuna pamba."

"Siku mbili!"

"Kwani kwenu mimba inatungwa kwa mwezi mzima?"

"Mimi nauliza tu. Wifi, mwenye mdomo haulizi? Hapa machimboni wanaume ni wengi kuliko mawe. Na mtoto akikataa kutoka, ana sababu yake. Mama yetu alikuwa akisema, mzazi anapokwama, kuna jina limekwama naye. Alitaje, njia ifunguke, sote twende nyumbani tukale."

Vumilia aliinamisha macho.

Jambo hili Scolastika alilijua kwa ndani. Dada yake mkubwa, Mageni, aliwahi kukwama kwenye mkeka, wanawake watu wazima wamemzunguka wakimwambia taja, taja, taja. Mageni hakuwa na mtu wa kumtaja. Alipochoka kiasi cha kutojua anachosema, alitaja jina la mchuuzi wa ng'ombe ambaye siku moja alimwomba maji ya kunywa, akampa. Muda mfupi baadaye mtoto akatoka, kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika. Na wote waliokuwamo wakaona kwamba uongo ule umethibitishwa na uzazi wenyewe. Kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, Mageni alirudishwa kwao na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemsikiliza tena mpaka anakufa.

Ndiyo maana Scolastika alichemsha mizizi. Hakuwa na shaka na Vumilia hata chembe. Alitaka mtoto azaliwe upesi, kabla ya swali.

Muuguzi mkunga wa zamu aliitwa Bernadina, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Alimwita Vumilia ndani, akamruhusu Scolastika amfuate ili amshike mkono, na kumwambia Lusia abaki barazani. Kati ya chumba na baraza palikuwa na pazia tu. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto.

"Funga dirisha, mama," alisema Bernadina. "Karasha za huko nje zinanizuia kusikia."

Scolastika alifunga. Ngurumo ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu ikafifia. Bernadina aliweka kile kifaa chake kama pembe kwenye tumbo la Vumilia, akainamisha sikio, akatulia kitambo. Kisha akatabasamu. "Mtoto yuko sawa. Anapiga vizuri." Akavaa glavu, akampima njia, akatikisa kichwa taratibu.

"Pale pale palipokuwa asubuhi. Chupa ya uzazi imepasuka, kichwa kimekaa vizuri, nyonga inatosha. Uchungu ndio umechoka."

"Wanasema nina jina la kutaja," alisema Vumilia ghafla, akitazama dari.

Bernadina alimtazama, kisha akalitazama pazia. Akapandisha sauti kidogo, kiasi cha kufika barazani.

"Mimba ya kwanza hukawia. Mlango wa kizazi hauanzi kwa kupanuka. Kwanza unalainika, unafupika, unakuwa mwembamba, ndipo ufunguke. Kazi hiyo haina haraka na haina jina la mtu." Akashusha sauti tena. "Nimezungumza na tabibu. Tutakutundikia dripu ya kuongeza uchungu, matone machache machache, huku nikikuangalia. Lakini kwanza nijibuni. Amekunywa dawa yoyote ya kienyeji? Tangu jana, tangu leo?"

Vumilia alitikisa kichwa bila wasiwasi, kwa kuwa hakujua. Macho ya nesi yakahamia kwa mama mkwe.

"Hapana," alisema Scolastika. "Uji tu."

"Mficha uchi hazai, mama."

"Uji tu, nesi."

Bernadina aliitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Alitafuta mshipa kwenye mkono wa Vumilia, akaupata. Akatundika chupa ya maji kwenye mti wa chuma, akavunja kichupa kidogo cha dawa, akaivuta kwa bomba la sindano, akaiingiza kwenye yale maji. Mikono ikiwa kazini, aliendelea kuzungumza na Vumilia, kwa namna ya mtu anayemtembeza mgeni katika nyumba ya mgeni mwenyewe.

"Kizazi ni msuli. Kikikaza, kinamsukuma mtoto chini. Lakini kikikaza, kinabana pia mishipa inayompelekea damu. Wakati ule mtoto anaishi kwa akiba. Kikilegea, damu inarudi, naye anapata hewa yake. Kwa hiyo usiudharau ule muda wa kati. Wewe unaona unapumzika. Mwenzako ndipo anapopumua. Dripu hii nitaifungua kidogo kidogo kwa sababu hiyo. Nikiizidisha, uchungu utafuatana bila pumziko. Mtoto atakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kuchanika."

Scolastika alisikia maneno yale, akamkumbuka mwanawe machimboni.

Donatus aliwahi kumsimulia jinsi wanavyoishi chini ya duara, shimo la wachimba dhahabu. Hewa inasukumwa kutoka juu kwa mashine, inashuka kwa bomba. Mashine ikizimwa kuongezwa mafuta, walio chini huacha nyundo, hukaa kimya, hawazungumzi hata utani, mpaka wasikie bomba likianza tena kuvuma. "Mara moja unavumilia, mama," alisema Donatus. "Lakini ikizimwa, na ikazimwa tena kabla hujavuta pumzi, huko juu hawatapandisha mtu. Watapandisha mzigo."

Naye Scolastika alikuwa amekwisha kuizima hewa ya mtoto kwa kikombe. Sasa nesi alikuwa anataka kuizima kwa dripu.

Alitazama pazia. Chini yake ziliweza kuonekana ndala za Lusia, zimesogea karibu, zimetulia. Scolastika alijua vizuri jinsi wifi yake atakavyoyapokea maneno ya dawa. Angesema: mama mkwe mwenyewe alikuwa na shaka, mama mkwe mwenyewe alitafuta mizizi ya kumfungua, kwa kuwa alijua amefungwa na nini. Angeyapeleka kwa ukoo kabla jua halijazama, naye Donatus angeyakuta yanamngoja njiani. Kusema ni kumfanya Vumilia awe Mageni wa pili. Kunyamaza, je? Labda mizizi imekwisha nguvu. Labda bibi jirani aliipunja. Labda.

Kidole gumba cha Bernadina kilikuwa juu ya kile kigurudumu kidogo kinachofungua matone.

"Nesi," alisema Scolastika, "usiifungue hiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Tayari ana nyingine ndani."

Bernadina hakuuliza kwa hasira. Kidole chake tu kiliondoka kwenye kigurudumu. Alichomoa mpira, akaishusha chupa yenye dawa, akaiweka mbali.

"Nini, na lini?"

"Mizizi. Iko kwenye uji. Kikombe kimoja nyumbani. Kingine hapo nje, muda huu huu kabla hujatuita."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua. Ni mimi."

Nyuma ya pazia Lusia alipiga kofi moja la mikono. "Eeeh! Nilisema mimi! Mtu hatafuti ufunguo mpaka ajue kilichofungwa!"

Vumilia alikuwa amegeuza uso kuelekea kwa mama mkwe wake. Alitaka kusema, ilionekana. Lakini midomo ilipofunguka, kilichotoka hakikuwa neno, kwa sababu kikombe cha pili kilikuwa kimefika.

Uchungu ule haukuja kama wa asubuhi, ambao ulipanda na kushuka kama mtu anayevuka kilima. Huu ulipanda, na ulipofika juu ukakataa kushuka. Ulipolegea kidogo, mwingine ulikuwa umekwisha kuukanyaga kisigino. Bernadina aliweka kiganja kwenye tumbo na kulikuta gumu kama ubao. Akamgeuza Vumilia alale ubavu wa kushoto, akatundika chupa nyingine ya maji matupu, akaifungua yote itiririke. Akainama na pembe yake.

Scolastika alimtazama usoni. Safari hii hapakuwa na tabasamu.

"Anapunguza mwendo," alisema Bernadina, kama anayejisemea. Alichukua simu, akazungumza maneno machache, akairudisha mfukoni. "Gari la wagonjwa liko Shinyanga, limempeleka mwingine. Ndiyo wanageuza sasa. Na barabara mnaijua, mvua ya jana mnaijua. Vumilia, nisikilize. Usisukume. Hata ukitaka, usisukume mpaka nikuambie. Pumua kama unayepuliza moto wa kuni mbichi."

"Siwezi."

"Unaweza. Mama, mpulizie naye. Mwonyeshe."

Scolastika akapiga magoti kando ya kitanda, uso wake mbele ya uso wa Vumilia, akapuliza. Vumilia alimshika mkono; hakuushika kwa upendo, aliushika kama mtu anayeshika tawi kwenye mafuriko, kucha zikazama kwenye nyama. Scolastika alishukuru kwa maumivu yale. Akapuliza, Vumilia akapuliza. Nje, karasha zilisaga bila kuchoka. Bernadina alisikiliza, akapapasa tumbo, akasikiliza tena. Kila alipoinua kichwa Scolastika alimsoma usoni, na kila mara alikuta mlango umefungwa.

Ghafla sauti ya Vumilia ilibadilika. Ilishuka kutoka kooni hadi kifuani, ikawa ngurumo. Scolastika aliitambua mara moja. Mwanamke aliyezaa haisahau. Bernadina alimpima.

"Njia imeisha. Imefunguka yote." Akamtazama Vumilia machoni. "Hatungoji gari. Sasa sukuma. Kidevu kifuani, funga mdomo, nguvu yote chini. Mtoto amechoka, tumtoe haraka."

Vumilia alisukuma. Nywele zilionekana, zikarudi. Zikaonekana tena, zikarudi. "Usikate tamaa, anapinda kona ya mfupa," alisema Bernadina. Kichwa kikatoka taratibu, kikageuka chenyewe kutazama paja la mama yake. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Kidole cha nesi kikakipitisha juu ya kichwa kama anayemvua mtu mkufu. Bega la juu, bega la chini, kisha mwili wote kwa mara moja, na maji, na damu.

Alikuwa wa kike. Alikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, na mikono yake ilining'inia.

Hakulia.

Bernadina alimfuta kwa kitambaa kikavu, akamsugua mgongo, akamfuta tena. Kimya. Akakata kitovu, akamlaza kwenye meza ndogo, akanyoosha shingo yake kidogo, akamfunika pua na mdomo kwa kile kibarakoa chenye mfuko wa mpira. Akaubinya mfuko. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka. Akabinya tena.

"Analia?" aliuliza Vumilia. "Mama, mbona halii?"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ajue. Scolastika alifungua mdomo, akakuta hana uongo hata mmoja uliobaki.

"Bado," alisema. "Nesi anampa hewa. Bado."

Ndala chini ya pazia hazikusogea. Lusia alisikika akinong'ona kwa Kisukuma, na hayakuwa masimango. Bernadina alibinya, akaachia, akabinya, akaachia, kwa mwendo ule ule, na kati ya kubinya na kubinya aliacha nafasi.

Mguu mmoja ulijikunja. Kisha mtoto alikunja uso, akapiga chafya, na akalia: kilio chembamba, cha hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa makosa.

Barazani Lusia alipiga kigelegele kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Mtoto alilazwa kifuani pa mama yake, lakini Bernadina hakukaa chini. Alijaza bomba la sindano kutoka kichupa kingine cha dawa ile ile aliyoiweka mbali mwanzo, akamchoma Vumilia pajani.

"Si ndiyo ile?" aliuliza Scolastika kwa hofu.

"Ndiyo ile. Sasa mtoto yuko nje, hakuna wa kukosa hewa. Sasa ndipo ninapotaka kikaze na kisilegee."

Kondo la nyuma lilitoka zima. Hata hivyo damu iliendelea, na Bernadina alipobonyeza chini ya kitovu uso wake ukarudi kuwa mzito. Kizazi kilichofanyishwa kazi bila kupumzishwa kilikuwa kimelegea kama unga uliokandwa kwa maji mengi. Alikisugua kwa nguvu, mkono ukizunguka, mpaka akakihisi kinajikusanya. Kisha akamwita Scolastika, akaushika mkono wake, akauweka mahali pale pale.

"Unasikia hilo gumu, kama tikiti dogo? Likae hivyo. Usibanduke hapa. Likilainika, sugua na uniite. Mimi nipo, namwangalia mtoto."

Scolastika alisimama na mkono juu ya tumbo la mkamwana wake. Kilipolainika mara ya kwanza aliita kwa sauti iliyovunjika. Bernadina akaja, wakasugua pamoja. Mara ya pili kilikuwa kigumu, kikabaki kigumu, na damu ikapungua ikawa ya kawaida. Gari la wagonjwa lilipofika, matope hadi kwenye vioo, lilimkuta mama akinyonyesha. Bernadina alisema wataondoka nalo tu, wakalale hospitali ya Shinyanga, kwa sababu kizazi kilichopitia hayo hakiaminiwi usiku wa kwanza.

Wakati wanaandaliwa, Vumilia alisema bila kumtazama mama mkwe wake, "Ulidhani nina jina la kutaja."

"Nilijua huna."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu huna. Mwenye nalo angelitaja, wakamwacha. Wewe wangekuuliza mpaka utunge. Mama yako mkubwa Mageni alitunga."

Vumilia alipapasa kisogo cha mtoto. "Ungeniambia," alisema mwishowe. "Ningekataa kunywa, au ningekubali. Lakini ungeniambia."

Scolastika alichukua chupa ya chai, akatoka. Lusia alikuwa amesimama mlangoni pa baraza, mikono kiunoni, lakini mikono ile haikuwa na nguvu ya asubuhi.

"Haya, wifi. Amezaa. Alimtaja nani?"

"Kulikuwa na jina, kweli," alisema Scolastika kwa sauti ambayo dereva wa gari na wanawake wote wa baraza waliisikia. "Jina lenyewe ni Scolastika. Mimi ndiye niliyemkwamisha, kwa mizizi. Ukienda kwa ukoo, uwapelekee hilo, na uwaambie nitakuja kulisema mwenyewe."

Lusia alitazama ndala zake. "Mtoto ana paji la uso la marehemu kaka yangu," alisema kwa kunung'unika. "Nimemwona hapo pazia lilipofunuka."

Scolastika alikwenda bombani. Akamwaga uji wote uliobaki kwenye mtaro, akaiosha chupa, akaisuuza, akaiosha tena. Kwa mama lishe aliyekuwa mkabala na lango alinunua chai ya rangi, akaitia chupani, akaipeleka ndani ya gari, ambako Vumilia alikuwa amekwisha kulazwa, mtoto pembeni, na Bernadina ameketi karibu.

Akamimina kikombe. Akakiinua mahali ambapo Vumilia angeweza kuona vizuri, akanywa funda moja, akameza. Akangoja.

Vumilia alikitazama kikombe, akamtazama mama mkwe wake, akakitazama tena kikombe. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.

"Onja tena," alisema Vumilia.

Scolastika akaonja tena. Ndipo Vumilia aliponyoosha mkono.